Kompyuta Inangoja Nini?

Msikilizaji, iwe uko kwako Kongo au umeshuka sasa hivi kutoka matatu ya 46 hapo Kawangware, au umefunga kibanda chako kule Makina na sasa unaelekea nyumbani Laini Saba, Kibera, karibu tukae pamoja. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya ile kompyuta ya nyumbani iliyokuwa ikifanya kazi vizuri, halafu ikaanza kujivuta. Unaiwasha, unabandika maji ya chai, chai inachemka, unainywa, na mashine bado inazungusha ule mduara wake.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu kompyuta katika mitaa yetu haikununuliwa iwe pambo. Tangu eCitizen ianze mwaka 2014, huduma moja baada ya nyingine ya serikali imehamia mtandaoni. Kodi iko huko, cheti cha tabia njema kiko huko, mkopo wa chuo uko huko, na hata nafasi yenyewe ya chuo inaombwa huko. Kijana mwenye saiba ya viti vitatu hulipwa kwa kila fomu anayoijaza na kila karatasi anayoichapa. Mashine ikimchelewesha dakika kumi, mteja anavuka barabara na kuingia saiba ya jirani. Na mama aliyeshika zamu yake ya chama akanunua laptopu ya mtumba ili watoto wasomee, akiambiwa kwamba imezeeka anunue nyingine, anaambiwa arudi kwenye chama aanze upya. Ushauri huo hutolewa haraka mno, na mara nyingi hauna msingi.

Ninachoamini ni hiki. Kompyuta inayokwenda polepole, mara nyingi, inangoja kitu. Prosesa yake, yaani kile kijiwe kinachofanya hesabu zote, haichoki kwa umri. Laptopu ya mwaka 2015 ina prosesa inayoweza kufanya hesabu zile zile kwa kasi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kama leo imezubaa, kuna kitu kinachoisimamisha. Huenda inangoja diski, inangoja nafasi kwenye kumbukumbu, inangoja joto lishuke, inangoja umeme wa kutosha, au imelemewa na programu ambazo hukuziita. Kazi ya kwanza ni kujua inangoja nini. Kabla ya hapo, usitoe hata shilingi.

Hapa lazima nilitaje neno fomati, maana kwenye mitaa yetu fomati imekuwa dawa ya kila ugonjwa. Mashine ni nzito, fomati. Inajizima yenyewe, fomati. Feni inalia, fomati. Kufomati ni kufuta diski na kuweka Windows upya, na ipo siku inahitajika kweli. Lakini kama feni imeziba masizi, ukifomati utakuwa na Windows mpya juu ya feni iliyoziba. Kama diski inakufa, utakuwa umeilazimisha diski inayokufa kuandikwa upya yote, na picha za mazishi ya babu pamoja na nakala za vyeti vimeshapotea. Tena mara nyingi Windows inayowekwa ni nakala iliyofunguliwa kwa programu ya wizi, na programu za namna hiyo zina sifa ya kubeba wadudu ndani yake. Mwezi mmoja baadaye uzito umerudi, na mteja amerudi na pesa.

Kwa hiyo tupime kwanza. Iwashe mashine, uiache itulie dakika tano. Kisha bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloitwa Task Manager. Likiwa dogo lisiloonyesha mengi, bofya maneno ya chini, More details. Utaona safu zenye asilimia juu yake: CPU, ambayo ni prosesa, Memory, kumbukumbu, Disk, na Network. Zitazame kwa utulivu bila kugusa kitu. Kisha fungua kazi unayoifanya kila siku, labda barua kwenye Word na kurasa mbili tatu za intaneti, utazame tena. Safu itakayopanda hadi karibu asilimia 100 na kung'ang'ania huko ndiyo inayokwambia mashine inangoja nini. Kipimo hiki ni bure, na hata mtoto wa darasa la sita anaweza kumsaidia mamake kukifanya.

Kwa mashine nyingi za mitaani kwetu, safu itakayong'ang'ania juu ni ya diski. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye manufaa makubwa kuliko pengine popote.

Laptopu nyingi tunazonunua ni zile tunazoziita ex-UK: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Zilikuwa mashine za ofisi huko ng'ambo, zikatumika miaka michache, kampuni ikanunua nyingine, nazo zikapakiwa kwenye kontena. Usizidharau. Zilitengenezwa kwa kazi ya kutwa nzima, nyingi zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na vipuri vyake vinapatikana mjini. Shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likizifufua kompyuta zilizotumika na kuzipeleka mashuleni tangu mwaka 2002, na watoto wengi wa nchi hii waligusa kibodi kwa mara ya kwanza kwenye mashine za namna hiyo. Kasoro yake kubwa ni kwamba zile za zamani nyingi zilikuja na diski ya kuzunguka.

Ndani ya diski hiyo mna sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika katika laptopu, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake. Mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Kila faili inapoombwa, kichwa lazima kisogee hadi mahali pake, kisha kingoje sahani izunguke mpaka data ifike chini yake. Ni kama duka lenye muuzaji mmoja anayepanda ngazi kwa kila kitu kimoja kinachoombwa, hata kama ni kiberiti. Ukijumlisha kusogea na kungoja, diski hiyo haiwezi kutimiza hata maombi 100 yaliyotawanyika kwa sekunde moja. Windows inapowaka huomba maelfu ya faili ndogo ndogo zilizotawanyika. Ongeza programu ya kuzuia virusi inayopekua kila faili, na sasisho linalopakuliwa kimyakimya, utaelewa kwa nini asilimia ya diski inabaki 100 wakati prosesa imekaa bure kwenye asilimia 8.

Diski ya SSD haina sahani wala kichwa. Ni chipu tupu, na hutimiza maombi ya namna hiyo kwa maelfu mengi kila sekunde. Ile ya SATA yenye upana wa inchi mbili na nusu huingia pale pale ilipotoka ya zamani, na fundi anayejua kazi huibadilisha haraka. Kwa kazi za nyumbani na za saiba, gigabaiti 256 zinatosha watu wengi. Kama mfuko wako una nafasi ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya kompyuta kongwe, nunua hicho. Kubadilisha diski huigeuza mashine ya kungojwa dakika nyingi ikawa ya kuwaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Nunua dukani panapotolewa risiti na dhamana, maana zipo zinazoandikwa ukubwa ambao hazina.

Lakini hata kabla ya kununua, isikilize diski uliyo nayo. Ukisikia mlio wa kugonga, tik, tik, tik, kisha mashine inaganda, hapo suala limeondoka kwenye kasi. Diski inakaribia kufa. Usiifanyie usafi, usiifomati, usiendeshe programu ya kuipanga upya. Nakili vitu vyako muhimu sasa hivi, ukianza na vile ambavyo huwezi kuvipata tena.

Safu ya pili ni ya kumbukumbu, ile mafundi wanayoiita RAM. Windows 10 peke yake, hujafungua chochote, inaweza kushika karibu gigabaiti mbili. Kama mashine ina nne, zimebaki mbili. Fungua kivinjari chenye kurasa kumi na tano, na WhatsApp ya kompyuta, na Word, nafasi imekwisha. Ikiisha, Windows huanza kuhamisha vitu kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye diski na kuvirudisha, na kama diski ni ile ya kuzunguka, umeshajua kitakachotokea. Dawa isiyo na gharama ni kufunga kurasa usizozisoma. Wengi wetu huacha kurasa za juzi wazi kwa hofu ya kuzipoteza. Ziwekee alama kwenye kivinjari, kisha uzifunge. Dawa ya kununua ni kufikisha gigabaiti nane. Hapo angalia aina kabla ya kutoa pesa: EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016 hutumia DDR4, lakini G1 na G2 zilizoitangulia hutumia DDR3, na moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Na zipo laptopu nyembamba ambazo kumbukumbu yake imechomelewa kwenye bodi na haiongezwi kabisa.

Sasa tuje kwenye joto, msikilizaji, na hapa nazungumza na wewe unayeishi kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, kwa sababu vitabu vya maelekezo vinavyokuja na kompyuta havikuandikwa kwa kukufikiria. Nyumba yako ina paa la mabati. Saa nane mchana, mwezi wa Februari, ndani ni joto. Jiko la makaa au la mafuta ya taa liko hatua mbili kutoka kitandani, na kitanda ndicho meza. Nje njia ni ya udongo, na kila anayepita anainua vumbi. Laptopu inavuta hewa hiyo kutwa nzima kupitia matundu yaliyo chini yake. Vumbi peke yake ni jepesi, lakini vumbi lililochanganyika na masizi ya jiko hunata. Linajibandika kwenye mapezi madogo ya chuma yaliyo mbele ya feni, mpaka linakuwa kama kipande cha blanketi. Hapo feni inazunguka kwa nguvu zake zote na hewa haipiti.

Prosesa inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujilinda yenyewe kwa kupunguza kasi yake. Ikizidi, mashine hujizima. Dalili zake ni rahisi kuzitambua: asubuhi iko sawa, baada ya nusu saa inaanza kujikokota, feni inanguruma, na sehemu ya chini huwezi kuipakata. Usiku, mabati yakipoa, inachangamka tena. Mashine ya namna hiyo ukiifomati unaionea.

Kusafisha kwenyewe hakuhitaji maajabu. Izime kabisa, usiilaze tu. Chomoa chaja. Kama hujawahi kuifungua, mpelekee fundi, ukae hapo hapo aifanye ukiona. Kama unajiamini, fungua kifuniko cha chini, chomoa waya wa betri, kisha tumia brashi laini na kavu, ile mpya ya rangi inatosha, kulegeza masizi kwenye mapezi. Ukipuliza kwa mashine ya upepo, zuia feni kwa kidole isizunguke, maana upepo mkali huizungusha kupita kiasi na kuiharibu. Usitumie kitambaa chenye maji. Kama mashine ina miaka mingi, mwombe fundi abadilishe ile pesti iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoza. Hukauka na kupasuka, na joto likashindwa kupita. Baada ya hapo ipe kompyuta sehemu ngumu ya kukalia. Ubao, trei, hata jalada la kitabu kikubwa. Ukiiweka juu ya godoro au blanketi, matundu yake yote yameshazibwa, na usafi wote ulioufanya haufai kitu.

Na ukiona laptopu imevimba chini, au padi ya kugusa imeinuka, au kifuniko hakifungi vizuri, acha kila kitu. Hiyo ni betri iliyofura. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Iondolewe na mtu anayejua, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto ndani ya nyumba ya mabati na mbao, iliyobanana na nyumba nyingine kumi, hasara haitaishia kwako.

Kuna sababu moja ya uzito ambayo mafundi wengi hawaitazami, nami nataka uondoke nayo leo. Ni chaja. Laptopu nyingi za Dell zina sindano nyembamba katikati ya kichwa cha chaja. Kupitia hiyo, mashine huiuliza chaja ina nguvu kiasi gani. Chaja ya bandia ikishindwa kujibu, mashine huandika wakati wa kuwaka kwamba haiwezi kuitambua, kisha hukataa kuichaji betri na kupunguza kasi ya prosesa ili isivute umeme mwingi. Wengi hubonyeza kitufe ujumbe uondoke, wakasahau. Prosesa iliyotengenezwa kwenda gigahezi mbili na zaidi inatambaa chini ya moja, siku nzima, kwa miezi. Unaweza kuhakikisha: kwenye Task Manager, sehemu ya Performance, gusa CPU, utazame panapoandikwa Speed. Kama imekwama chini ya gigahezi moja wakati unafanya kazi, chomoa chaja uendeshe kwa betri. Kasi ikipanda, mkosaji umempata. Hata chaja halisi inaweza kuleta shida hiyo kama sindano imepinda au waya umekatika ndani.

Nikiwa bado kwenye umeme, niseme neno juu ya stima ya sambaza, ile inayovutwa kutoka nguzo hadi nyumba hadi nyumba. Waya mmoja ukibeba nyumba nyingi, jioni watu wakiwasha birika na pasi, nguvu hushuka. Chaja ya laptopu inavumilia, nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuishikilia, na stima ikipotea ghafla wakati diski inaandika, faili za Windows hupata hitilafu na kesho yake mashine inawaka kwa kusuasua. Mwenye saiba anayetegemea kompyuta za mezani, UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, kwake inatangulia mapambo ya ukuta.

Yaliyobaki ni usafi wa ndani, na nitayapitia upesi. Kwenye Task Manager hiyo hiyo kuna sehemu ya Startup, orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na mashine. Za mikutano, za muziki, za kupakua filamu: zizime zote usizozihitaji kila asubuhi, lakini usiiguse ile ya usalama wala za padi na sauti. Programu za kuzuia virusi zisizidi moja. Mbili zikikaa pamoja zinapekuana na kuila mashine. Windows Defender, inayokuja bure na Windows, inawatosha watu wengi. Diski ikijaa hadi pomoni mashine hukosa pa kupumulia, kwa hiyo iachie walau asilimia 15 hadi 20. Anza na folda ya Downloads, kisha filamu. Najua filamu zenye sauti ya DJ Afro ni tamu, lakini ukishazitazama ziweke kwenye flashi. Andika Disk Cleanup kwenye sehemu ya kutafutia, nayo itakuonyesha takataka za Windows zinazoweza kuondoka. Kupanga upya diski ni kwa ile ya kuzunguka peke yake, na Windows huifanya yenyewe kwa ratiba; SSD haihitaji.

Flashi zinatoka saiba moja hadi nyingine zikibeba kile kirusi kinachoficha faili zako na kukuachia njia za mkato. Ukikiona, usizibofye njia hizo wala usifomati flashi kwa hasira. Faili zako mara nyingi bado zimo, zimefichwa. Pekua kwanza kwa Defender, kisha ruhusu faili zilizofichwa zionekane. Na kama unatumia bando la simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uiambie Windows kwamba mtandao huo unapimwa (metered). Itaacha kupakua mambo makubwa bila kukuuliza, na utaokoa bando pamoja na kasi.

Kuna swali ambalo nimelisikia sana: je, Windows yenyewe haina lawama? Ni swali la haki. Mwaka 1995 mwanasayansi Mswisi Niklaus Wirth, aliyebuni lugha ya Pascal, aliandika akilalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa haraka kuliko mashine zinavyozidi kupata kasi. Tazama kilichofuata. Windows XP ya mwaka 2001 iliweza kuwaka kwenye kumbukumbu ya megabaiti 64. Windows 11 ya mwaka 2021 inadai gigabaiti nne kama kiwango cha chini. Hizo ni mara 64 ya ile ya kwanza, na barua ya kuomba kazi unayoiandika leo ina urefu ule ule wa ukurasa mmoja.

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mashine hazikuzimika siku hiyo, ila masasisho ya usalama yalikoma, isipokuwa kwa wale waliojisajili kwenye mpango wa nyongeza unaofika Oktoba 2026. Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, na kizazi hicho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Maana yake EliteBook 840 G3 iliyo mezani kwako imefungiwa mlango, na G5 yenye prosesa ya kizazi hicho imeingia. Naona jambo hili ni dhuluma kwa watu wa mitumba. Mashine ni nzima, inafanya kazi, na uamuzi uliofanywa mbali sana na Kawangware unaihesabu kuwa taka.

Lakini mlango mwingine upo. Linux Mint ni mfumo wa bure, unaanzia gigabaiti mbili za kumbukumbu, na sura yake haimtishi aliyezoea Windows. Unaweza kuuweka kwenye flashi, ukauwasha kutoka hapo na kuujaribu bila kugusa diski yako. eCitizen na iTax, ile ya kodi, ni kurasa za mtandao, kwa hiyo zinafunguka humo kupitia kivinjari. Kuandika kunafanyika kwa LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, ile ile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliifasiri kwa Kiswahili mwaka 2004 na kuiita Jambo OpenOffice. Kwa mwanafunzi na kwa familia, naupendekeza bila wasiwasi. Kwa mwenye saiba nasita, kwa sababu wateja huja na faili za Word zilizopangwa kwa majedwali, na wakati mwingine mpangilio huhama. Angalau mashine moja yenye Word ibaki.

Ukienda kwa fundi, nenda ukijua ulicho nacho. Fungua Settings, kisha System, kisha About, uandike kwenye daftari ukubwa wa kumbukumbu na jina la prosesa. Piga picha ile asilimia uliyoiona kwenye Task Manager. Halafu mwambie hivi: "Fundi, diski yangu inakaa kwenye mia tangu niwashe. Nipimie afya yake kwanza kabla ya kufomati." Fundi mwema atafurahi, maana umempunguzia kazi ya kubahatisha, atakujibu, "Sawa mama, keti tuitazame pamoja." Anayekasirika kwa kuulizwa, chukua mashine yako. Mafundi wazuri ni wengi kutoka Kongo hadi Olympic, na wengi wao wamejifunza kwa kufungua mashine zilizokufa kwenye vibanda vyao, bila darasa. Walipwe kwa kupima pia. Tukizoea kulipa fomati peke yake, tutapewa fomati peke yake.

Kuhusu kilichotolewa kwenye mashine, usikitupe. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kuwa ilikusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Sehemu ya taka hizo tunaiona kwenye mtaro unaoshuka Kibera kuelekea Mto Ngong. Betri iliyovimba na bodi iliyokufa hupokelewa na WEEE Centre hapa Nairobi, kituo kilichoanza mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Mkiwa saiba tatu nne, wekeni ndoo moja yenye mfuniko, ikijaa mpeleke pamoja mgawane nauli. Betri iliyofura isikae humo ndani na vyuma. Iweke peke yake, kwenye chombo chenye mchanga mkavu, nje ya chumba unacholala.

Na ile diski ya kuzunguka, kama fundi ameipima na ni nzima, mwambie aitie kwenye kasha la USB. Kwa kuhifadhi haihitaji mbio. Nakili humo vyeti vya watoto, picha, mikataba ya ploti na hesabu za chama, kisha uipeleke ikakae kwa dada yako au kwa mtu mwingine unayemwamini, mtaa mwingine.